Vipande vya Patipati

Kwa miaka mingi nilijua, na nasema nilijua, sikudhani, kwamba wenye lojingi za bei nafuu hukata kipande cha patipati za bafuni na kukipeleka kwa mganga.

Patipati hizo umewahi kuziona. Unafungua mlango wa chumba na pale chini ya kitanda zinakungoja, mbili za mpira, kila moja imekatwa pembe tatu kwenye kisigino, kana kwamba panya mwenye seti ya jiometri alipita hapo kabla yako. Watu wengi huzivaa tu wakaenda kuoga. Mimi sikuwa watu wengi. Mimi nilikuwa na habari.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mgeni akivaa patipati, unyayo wake unabaki kwenye mpira. Akishaondoka, mwenye hoteli anachukua kisu, anakata pale kisigino kilipokanyaga, na kipande kinasafirishwa hadi kwa mganga mmoja huko ng'ambo ya mto Malakisi, ambako kinachemshwa pamoja na majani ambayo hakuna aliyewahi kuniambia jina lake. Kikishaiva, miguu yako si yako tena. Unaweza kuamka kwako Jumapili, ukavaa suti uende kanisani, ukashtukia umesimama kwa kaunta ya hoteli ile ile ukiuliza kama kuna chumba.

Aliyeniletea habari hii alikuwa mwenzangu wa stoo kule Bungoma, jamaa tuliyekuwa tukishona magunia naye bega kwa bega. Hakuwa mtu wa porojo. Kila jambo alilolisema alikuwa na mjomba wa kulithibitisha.

"Nakwambia ukweri, bana," aliniambia, sindano ya gunia ikiwa mdomoni. "Mjomba yangu alikuwa anaendesha rori ya tumbaku. Akalala hoteli moja, siku moja tu. Saa hii hata nyumbani haonekani. Ako tu hapo."

"Si labda kuna mwanamke hapo?"

"Mwanamke ako. Lakini huyo mwanamke aliletwa na nani? Si ni hiyo kipande!"

Hebu niambie, kwa hoja kama hiyo wewe ungejibu nini?

Na mtu asifikiri sikusoma. Nimesoma, tena nimesoma usiku, wakati wenye akili zao wamelala. Cheti changu cha kidato cha nne nilikipata nikiwa na ndevu nyingi kuliko mwalimu, na darasani tulikuwamo akina baba watupu, kila mmoja amebanwa kwenye dawati la mtoto kama ng'ombe kwenye josho. Fizikia niliipenda sana. Bahati mbaya somo la umeme tulifundishwa kwa mshumaa, kwa maana siku hiyo stima ilikuwa imepotea mji mzima. Mwalimu alichora waya ubaoni, sisi huku nyuma tukaona kivuli cha mkono wake tu. Nilitoka pale nikiwa na hakika kwamba umeme ni kitu cha hatari ambacho hakipatikani.

Basi elimu ikiwa imesimama hapo, bosi akaniita ofisini.

Bosi wetu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na kiwanda chetu cha magunia alikiendesha kama shule. Asubuhi alipiga kengele. Ukichelewa, unapiga magoti. Magunia yenyewe yalikuwa ya kisasa, yale yenye mfuko wa nailoni ndani ambao unamnyima hewa dumuzi, yule dudu anayetoboa mahindi mpaka debe zima linageuka unga bila kufika kwenye kinu. Mimi nilikuwa nimechoka kuyashona. Nilitaka kuyauza. Nilitaka kutembea na begi, nivae shati la mikono mirefu, niitwe mtu wa mauzo.

"Kuna mama Kitale," bosi alisema, "upande wa kuelekea Tuwan. Ana stoo ya nafaka. Mahindi ya Trans-Nzoia, nusu yanapita mkononi mwake. Ukileta oda yake, ruti ya Kitale ni yako, na pikipiki ya kampuni juu. Ukiikosa, unarudi stoo, na uchuuzi usinitajie tena."

"Nimeelewa, bosi."

"Washindani wetu, watu wa Eldoret, wameshampelekea kalenda na mwavuli. Sisi tuna nini?"

"Tuna mimi, bosi."

Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwa. "Basi tuna shida," akasema. "Na kumbuka, huyo mama ana hoteli yake hapo juu ya stoo. Hazungumzi biashara na mtu ambaye hajalala kwake."

Hoteli! Nikaficha mguu mmoja nyuma ya mwingine.

Desturi ya yule mama ilijulikana na wachuuzi wote. Wazazi wake walitoka Mkoa wa Kati zamani wakanunua shamba huko, yeye akakulia katika mahindi, na alikuwa amedanganywa na wauza mbolea, wauza mbegu na wauza dawa wa kila aina. Kwa hiyo akaweka sheria. Ukija na bidhaa, lala kwanza kwenye hoteli yake, oga, halafu mkutane asubuhi kwenye chai. Alisema mtu anayeharakisha kurudi kwao kabla ya giza ana jambo la kuficha. Wachuuzi walisema anataka tu vyumba vyake vijae. Mimi peke yangu niliona mpango wote ulivyo. Mama alitaka visigino.

Lakini nilitaka ruti. Nikafunga begi, nikakunja gunia la sampuli vizuri kama shuka, nikaenda.

Hoteli ilikuwa safi, nisiseme uongo, ila ilikuwa haimwamini mgeni hata kidogo. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye gogo la kuni ambalo lingeivisha sufuria nzima ya githeri. Rimoti ya tivii ilifungwa kwa mnyororo wa mbwa kwenye mguu wa meza, hivi kwamba kubadilisha stesheni ilikupasa upige magoti, jambo ambalo mimi nilikuwa nimelizoea kazini. Sabuni ilikuwa saizi ya kidonge cha malaria. Taulo, ukiifungua yote, ingetosha kufuta miwani ya mtu mwenye uso mdogo. Ukutani kulikuwa na matangazo: usipige pasi kitandani, usifue soksi kwenye sinki, usiite mhudumu kwa mluzi. Kila tangazo lilinifanya nimfikirie mtu aliyelisababisha.

Na chini ya kitanda, patipati. Za bluu. Zimekatwa pembe tatu, zote mbili.

"Ohoo," nikaziambia. "Mwenzangu ameshaenda."

Nilizisukuma kwa upande wa kiatu mpaka kwenye kona, nikaziwekea kiti juu, na juu ya kiti nikaweka Biblia ya hoteli. Baadaye nilishuka kula, na hapo ndipo nikamwona Mama kwa mara ya kwanza. Alikuwa mfupi, amevaa sweta nzito na kitambaa kichwani, na sauti yake ilikuwa ya kutoa amri hata alipokuwa anakukaribisha.

"Wewe ndiye kijana wa magunia?"

"Ndiye mimi, Mama. Shikamoo. Naomba nikueleze kidogo, gunia letu hili, dumuzi akiingia humo..."

"Nimekuuliza juu ya dumuzi?"

"Hapana, Mama."

"Kula ugali. Lala. Oga. Kesho kwa chai utanieleza. Maji ya moto iko."

"Asante, Mama."

"Na patipati ziko kwa chumba. Vaa."

Kati ya vitu vyote vya chumba kile, blanketi, taulo, rimoti ya mnyororo, yeye alikumbuka kutaja patipati!

Asubuhi Kitale ilikuwa na baridi ya kukufanya ujute kuzaliwa na ngozi. Nikaamka na mkakati. Gunia la sampuli nililitandika kwenye mlango wa bafu, nilikanyage badala ya patipati nikiingia na nikitoka. Ndani nitaoga miguu mitupu. Hakuna unyayo, hakuna kipande, hakuna mganga. Nilijiona nimeushinda ulimwengu wote wa hoteli.

Shawa ilikuwa ile ya stima, kichwa cha plastiki kinachoning'inia juu na waya zimetoka masikioni. Nikabonyeza swichi nyekundu. Taa ikafifia, kitu kikaanza kuguruma, maji yakaja, na yalikuwa moto kweli. Nikaimba kidogo. Nikajipaka kile kidonge cha sabuni mpaka kikaisha kikiwa kifuani. Halafu nikaona maji yamezidi kuwa moto, na nikiwa nimesimama kwenye sakafu iliyolowa, miguu yangu huru ikiwa haina kitu chochote cha mpira chini yake, nikaushika mfereji wa chuma niyapunguze.

Jamani.

Stima yote iliyopotea siku ile ya darasa la usiku ilikuwa imenisubiri pale. Iliingia kwa mkono, ikapita begani, ikanisalimia meno, ikasoma ubongo wangu ukurasa kwa ukurasa na kutokea kwenye vidole vya miguu. Nilipiga ukelele ambao, naapa, ng'ombe waliusikia Moi's Bridge na wakagoma kukamuliwa. Mfereji uliponiachilia sikungoja kufikiri. Nilinyakua kilichokuwa mlangoni, nikajifunga kiunoni nikikimbia, nikateremka ngazi nikiwa na povu mpaka kwenye nyusi, na niliposimama nilikuwa katikati ya ukumbi wa chai.

Wageni walikuwa wanakula mayai. Uma zilisimama hewani. Mama alikuwa amekaa kwenye meza ya dirishani, anakoroga chai, na hakuacha kukoroga.

"Kijana wa magunia," akasema. "Ni moto?"

"Ni stima, Mama."

"Imekushika?"

"Imenishika, imenitikisa, imeniachilia."

"Ulivaa patipati?"

Nikatazama dari. "Zilikuwa ndogo, Mama."

"Ndogo! Juzi zilivaliwa na dereva wa trela, mtu wa kuingia mlangoni kwa upande. Wewe na hiyo miguu ya kuku unaniambia ndogo?"

Mzee mmoja mwenye yai alisema, "Mama, si umwache basi avae nguo kwanza."

"Wewe kula yai." Akaweka kijiko chini. Sasa alikuwa hanitazami usoni, alikuwa anatazama kiunoni, na mimi nikafuata macho yake, na hapo ndipo nilipogundua nimejifunga nini. Taulo ilikuwa bado imebaki juu kwenye msumari wake. Mimi nilikuwa nimevaa sampuli, na jina la kampuni lilikuwa limenikalia barabara matakoni.

"Hiyo ndiyo gunia yenyewe?"

"Ndiyo, Mama."

"Geuka."

Nikageuka. Pale ukumbini mtu alianza kukohoa chai.

"Mshono wa uzi mbili?"

"Mbili, Mama. Nilishona mimi mwenyewe."

"Umekimbia nayo ngazi yote?"

"Yote."

"Na haikuraruka." Alisimama, akaja, akashika pindo kwa vidole viwili kama anayepima kitambaa cha kitenge dukani. "Hebu vuta hapo."

"Mama, nikivuta hapo mkutano utaisha."

Alinitazama, na nadhani hiyo ndiyo mara pekee nilimwona akikaribia kucheka. "Nenda kavae. Halafu uniletee hiyo gunia. Kavu."

Nilirudi nimevaa shati langu la mikono mirefu, nywele zimesimama zenyewe. Mama hakuniuliza neno juu ya dumuzi. Alishuka nami stoo, gunia likajazwa mahindi, likafungwa mdomo, na mpagazi mmoja akalipandisha mpaka ngazi ya juu na kuliachilia. Liliteremka likigonga kila ngazi, kama mimi nilivyoteremka, na lilipofika chini lilikuwa zima. Mama akaamuru lirudishwe juu. Likaja tena. Aliliinamia, akalipapasa mshono kwa kidole gumba, akasimama.

"Nitachukua," akasema. "Lakini sitaki mambo ya kutumiwa mtu mwingine ambaye sijui. Utakuja wewe. Kila mavuno, kila nikiishiwa. Na ukikuja, unalala hapa."

"Hapa hapa, Mama?"

"Kwani unataka kulala kwa nani?"

Mtu mwingine angerukaruka kwa furaha. Nilikuwa nimepata oda, nimepata ruti, nimepata pikipiki, watu wa Eldoret na mwavuli wao wamebaki kwenye mvua. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Kumbe wamenipata! Lazima kidole changu kiliigusa patipati nilipokuwa naisukuma. Au yule mganga amekwenda na wakati, siku hizi anawavuta watu kwa waya.

Na tangu hapo, ushahidi ukawa unajileta wenyewe. Kila nilipotoka Bungoma na pikipiki, nikiwa na nia yangu timamu, nilifika wapi? Kitale. Nililala wapi? Kwa Mama. Nilijaribu kuja na patipati zangu mwenyewe kwenye begi, mpya, nzima, visigino kamili. Haikusaidia, msimu uliofuata nikarudi tena. Mke wangu akaniuliza kwa nini kila nikipanga safari ni hoteli hiyo moja.

"Kwani umerogwa?"

"Ndiyo," nikamwambia, kwa unyenyekevu.

Yule mwenzangu wa stoo alitikisa kichwa kwa huruma. "Nilikwambia. Mjomba yangu alianza hivyo hivyo."

Ningeishi na hali yangu hiyo kwa amani mpaka leo, nikiwasimulia wachuuzi wapya na kuwaongezea chumvi kila mwaka. Lakini mavuno yaliyopita bosi aliniita tena, akasema kazi yangu imemridhisha, na anataka kunipa ruti ya Moi's Bridge juu ya ile ya Kitale.

"Huko utakuwa unalala huko huko," alisema. "Kuna lojingi nzuri tu."

Nikamwambia nimefurahi sana, ila inanibidi kwanza niende Kitale kuomba ruhusa.

"Ruhusa kwa nani?"

"Bosi, ni mambo ya miguu."

Bosi akafungua daftari la ruti. Aliwahi kufundisha watoto wa darasa la kwanza miaka mingi, kwa hiyo anajua swali lisilofaa kuulizwa. "Una wiki moja," akasema. "Ukishindwa, nampa mwingine."

Nilinunua jogoo, maana mtu haendi mikono mitupu kuomba kufunguliwa, nikamfunga nyuma ya pikipiki. Njia nzima yeye alilalamika na mimi nilifanya mazoezi ya hotuba. Nilipofika nilimkuta Mama amekaa kwenye stuli nyuma ya jikoni, jua la asubuhi linampiga mgongoni. Mbele yake kulikuwa na rundo la patipati mpya za bluu, na mkononi alikuwa na kisu cha kukatia sukuma wiki. Anachukua moja, anaibana kwa magoti, anakata pembe tatu kisiginoni, anaitupa kwenye beseni. Vipande vilikuwa vinaanguka chini miguuni pake kama maganda ya viazi.

Mchana kweupe! Hata hakujificha!

"Mama," nikasema, nikamweka jogoo chini. "Nimekuja na neno zito."

"Sema. Na huyo kuku asikanyage vitu yangu."

"Mama, nimekutumikia vizuri. Magunia sijawahi kukuletea mabovu. Sasa bosi amenipa Moi's Bridge, na nina watoto. Nakuomba kwa heshima zote uiachilie miguu yangu."

Kisu kilisimama. "Niachilie nini?"

"Miguu, Mama. Kile kipande. Popote kilipo. Hata kama kimeshachemshwa."

Nikamweleza yote: unyayo, kisigino, majani, Malakisi, mjomba wa rori ya tumbaku. Nilieleza vizuri sana, kwa mpangilio, kama tulivyofundishwa kuandika insha. Alinisikiliza hadi mwisho bila kupepesa macho. Halafu akaokota kipande kimoja hapo chini, akanitilia mkononi. Kilikuwa chepesi, cha mpira, hakina lolote.

"Wageni walikuwa wanaenda na patipati zangu," Mama akasema. "Nikinunua, zinaenda. Nikaanza kuzikata, zikakaa, kwa sababu hakuna mtu anataka kuvaa kwao kitu iko na shimo. Hizi vipande natupa kwa takataka. Na wewe unarudi hapa kwa sababu ni mimi nanunua magunia yako. Enda Moi's Bridge. Sasa inua mguu, nifagie."